Marehemu Anataka Kuoa

Jumatano Mzee Twagirayezu alikwenda ofisi ya parokia kuandikisha ndoa yake. Akaambiwa ameshakufa.

"Shikamoo, marehemu," alisema katekista Protase, macho kwenye kompyuta. Ilikuwa mwaka tisini na tatu, na Kamuli nzima kompyuta ilikuwa hiyo moja, ililetwa na Wajerumani pamoja na sola yake. "Daftari la waumini tumelihamishia humu. Walio hai wamo, waliokufa hawamo. Wewe humo."

"Si unaniona hapa?"

"Mimi nakuona. Yenyewe haikuoni."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mchumba wake, Kampire wa Rugera, alipopata habari alifunga kanga vizuri kiunoni.

"Nimeshakuwa mjane mara mbili. Ya tatu siwezi kuanza nayo kabla ya harusi. Ufufuke kabla ya Jumamosi, la sivyo unisahau."

Akaitwa Mwalimu Rwegoshora, anayefundisha historia, aje apeleleze. Kwenye orodha akakuta jina geni: MVUKA MTO NA NG'OMBE MMOJA.

"Huyu ni mtawala wa kale! Mtu kamuua mzee kwa kompyuta, akamfufua mfalme mahali pake!"

Saa sita mchana wanaume sita walikuwa wanachimba kibanja cha mzee, shamba lake la migomba, wanatafuta kaburi la mfalme. Walipata sufuria aliyoifukia mzee wakati wa vita, na migomba mitatu ikaanguka.

Mwalimu akamgeukia mchapaji, Mukandekezi, mke wa mtoto wa mzee.

"Umemuua nani wewe?"

"Sijaua mtu, mwalimu."

"Basi chapa hapa: Twagi..."

Mukandekezi akaziba masikio. "Yesu Maria! Huyo si baba mkwe? Kwetu mkamwana hatamki jina la mkwe yeyote!"

"Nani kasema utamke? Chapa!"

"Nikichapa si nitalisoma moyoni?"

"Na huyu mvuka mto ni nani?"

"Ndiye yeye baba! Si alivuka Kagera akitokea Rwanda, na ng'ombe mmoja? Sasa ningemwitaje?"

Mtu mwingine wa kuchapa hakuwepo. Protase alijua kuiwasha na kuangalia tu, na siku nyingine hata kuiwasha kulimshinda. Basi Jumamosi padri akasoma kama kompyuta ilivyosema.

"Wewe, Mvuka Mto na Ng'ombe Mmoja, unamkubali Kampire?"

"Walikuwa wawili, padri. Mmoja alizama."

"Mzee! Unamkubali, humkubali?"

"Namkubali, namkubali."

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wa padri wakakimbia.

Jumatatu Mukandekezi alimaliza kuchapa ndoa, akaenda zake shambani. Protase akafungua aangalie. Bwana harusi yumo, mzima kabisa. Bibi harusi, ambaye tangu Jumamosi ni mama mkwe wa Mukandekezi, hayumo. Akatafuta juu, akatafuta chini.

Mlangoni Kampire alikuwa anapiga hodi, kaja kuchukua cheti cha ndoa.

Protase akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, marehemu."