Fereti Aliyepona Karatasini

Mwaka 1993 hakukuwa na mtu Kisumu nzima aliyejua maradhi ya fereti, na Absalom, mganga wa mifugo wa Manyatta, hakuona haya kulisema hilo. Rafu yake ilikuwa na vitabu vya ng'ombe, mbuzi na kuku. Fereti, mnyama mwembamba wa Ulaya anayefanana na nguchiro, hakutajwa hata mara moja.

Mwalimu Beldina, mjane mstaafu, aliachiwa fereti wake na padri mzungu aliyerudi kwao. Mnyama huyo alimaliza panya wa ghalani, kisha akawa mwenzake wa kuzungumza naye jioni. Sasa alikuwa anaharisha na kukonda.

"Naweza kukisia dawa," Absalom alimwambia.

"Hapana, daktari. Nimefundisha miaka thelathini. Mimi nataka kitu imeandikwa."

Absalom akamsifu kwa busara hiyo. Watu wa kukisia ndio walioharibu nchi, alisema, akamshauri amwandikie binti yake wa Nairobi atafute maktabani.

Baada ya wiki mbili Beldina alirudi amevaa nguo ya kanisani, uso umechanua, fotokopi mkononi. "Nyathina, binti yangu, amepata. Ukurasa moja tu kwa maktaba yote. Na angalia nani ameandika."

Jina lilikuwa lake Absalom. Miaka tisa nyuma, akiwania cheo, alipeleka taarifa kwenye jarida la waganga wa mifugo: fereti wa mhandisi mmoja alihara, akapewa kijiko kizima cha dawa ya minyoo ya mbuzi, akapona siku ya tatu. Cheo alikipata. Fereti alizikwa siku ya pili, nyuma ya mipera ya mhandisi, na Absalom akajisahaulisha.

"Unyenyekevu gani hii," Beldina alisema. "Unanizungusha mpaka Nairobi na mtaalamu ni wewe."

Absalom aliona aibu. Angeweza kunyamaza, maana uongo ukishachapishwa huheshimika kama mzee wa kanisa. Lakini mnyama angekufa.

"Mwalimu, usimpe hiyo dawa. Yule wa mhandisi alikufa. Niliandika uongo."

Beldina alicheka kwanza. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

"Nimempa leo asubuhi," alisema. "Kijiko mzima, vile umeandika."

Absalom akaigeukia rafu, akaanza kupekua kitabu kimoja baada ya kingine, ingawa alijua vizuri kilichomo.