Kengele ya Kuzamia, Mto Gucha

Mficha uchi huzaa. Baba mkwe wangu, mzee Ogari, alizaa watoto tisa, na hakuna mke wa mwanawe aliyewahi kuona hata goti lake. Kwetu Gusii mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono, seuze kuonana bila nguo.

Mwaka huu wa 1971 tulifanya kazi pamoja kwenye daraja la Gucha, chini ya Ogembo. Mimi na diploma yangu nilipima kina cha maji na kuandika. Yeye alichonga mwamba wa kuwekea nguzo, huko chini mtoni, ndani ya kengele ya kuzamia: pipa kubwa la chuma, wazi upande wa chini. Fudikiza kikombe ukizamishe kwenye karai la maji. Ndani hubaki hewa. Humo alisimama na nyundo yake, maji yakimfika magotini, nasi juu tukimpelekea hewa kwa pampu ya mkono. Nguo zilimlemea, kwa hiyo aliingia uchi, nami kila mara nilikwenda kujificha nyuma ya migomba.

Ijumaa moja wafanyakazi wenzetu Waadventista waliondoka mapema kujiandaa kwa Sabato. Mzee alikuwa bado chini. Nikashika pampu, na Machogu, aliyebaki nami, akashika winchi ya kuinulia kengele amtoe. Jino la winchi likavunjika, mpini ukarudi kwa kasi ukamvunja Machogu mkono.

Akainamia bomba la kuzungumzia. "Mzee, winchi imekufa! Piga mbizi utoke!"

"Nani yuko kwenye pampu?"

"Bitutu. Mke wa Ombati."

"Mwondoe kwanza."

"Nimevunjika mkono! Akiondoka utakosa hewa."

"Basi nitangoja watu."

"Mpaka Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Mwambie nitafumba macho," nikasema.

Machogu akamwambia. Sauti ikapanda kwenye bomba: "Kwani diploma yake ni ya kufumba macho?"

Nikaendelea kupiga pampu. Kengele ilikuwa kuukuu, inavuja kwenye maungio. Nikilegea kidogo tu, maji yanampanda. Viganja vikachubuka. Nikiondoka, anazama. Nikibaki, hatoki. Nilitazama barabara, hapakuwa na mtu. Machogu alikuwa analia, sijui kwa ajili ya mkono au ya mzee.

Nikaiachia pampu, maji yamlazimishe kutoka.

Sikukimbilia migombani. Nilisimama ukingoni macho wazi, maana akishindwa kuogelea, wa kumvuta ni mimi tu. Mapovu yakaja mengi, kisha yakakoma. Nikahesabu hadi kumi na tisa. Akaibuka akikohoa, akashika jiwe, akateleza. Nikamkamata mkono nikamtoa. Nilimwona mwili wote.

Tangu siku hiyo hali chakula nyumbani kwetu. Nikipita, anageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Jana wazee walikuja, Ombati akiwa ameketi kati yao.

"Sema tu mikono ilichoka," mume wangu akanisihi. "Uombe radhi, yaishe."

Mikono haikuchoka. Niliiachia kwa kusudi, na siombi radhi.