Taa ya Matone

...na hapa juu ya ngazi hii skrubu ya mwisho haitaki kuingia, au ni mkono wangu ndio hautaki, mvua inapiga bati, taa inawaka juu ya kitanda cha kujifungulia, inawaka vizuri mno, na dada yangu mkunga amesimama chini yake, mikono kiunoni, anamwambia daktari, "Si nilikuambia? Kila tone linagonga lile bao juu ya paa, na kila likigonga linatoa umeme, kazi ya mdogo wangu hiyo, Profesa wetu," daktari anasema hongera fundi, nami nasema asante, asante ya nini jamani, wakati nyuma ya kifuniko hiki ninachokifunga kuna betri ya pikipiki, nimeichaji jana kibandani kwangu, na hiyo ndiyo inayowasha taa, matone wala hayana habari... sikupanga, Mungu anajua sikupanga, siku ile kibandani nilikuwa najaribu balbu tu, nimeiunga na betri nione kama ni nzima, nje mvua inanyesha, dada akaingia amelowa chapachapa, akaona taa, akaona nyaya zinazokwenda kwenye bao, akashika mdomo, akalia, yeye ambaye hata tulipomzika baba hakutoa chozi mbele yetu, akasema, "Umeweza, mdogo wangu, umeweza," nikafungua kinywa niseme hapana dada, kikanitoka kicheko, kicheko cha kijinga, na wiki tatu sasa najiambia sikusema uongo, nilinyamaza tu, kana kwamba mwizi akinyamaza si mwizi... naona aibu, naona aibu mpaka masikio yanawaka moto, na kinachonitafuna zaidi ni kwamba kitu cha kweli kipo, visahani vidogo vya kutolea mlio, mia mbili na kumi, nimevitoa kimoja kimoja kwenye saa za kengele zilizokufa na midoli iliyoacha kulia, nikavibandika kwenye bao, vikigongwa vinatoa umeme kweli, tone likianguka, kitaa chekundu kisichozidi kichwa cha kiberiti kinakonyeza, tone, kinakonyeza, tone, kinakonyeza, nilikaa nacho mchana kutwa nikicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikakifunika kwa gunia, maana nani atakuelewa, miaka miwili, eti kwa konyezo...

"Basi jenereta yetu waichukue," daktari anasema, "wenzetu wa kituo cha pili hawana kitu kabisa, na gari limeshafika," na dada, bila hata kufikiri, "Waichukue tu, sisi tuna mvua," wanacheka wote, wanaume wawili wameinama wanaiinua, na betri hii inadumu kwa saa nane tu, kumi ikijitahidi, halafu itazima, na itazima dada akiwa na mikono ya damu na mtoto nusu njiani, na hatanilaumu, hilo ndilo baya, atasema labda mvua ya leo ni ndogo, atatafuta tochi huku ananitetea... ningoje waondoke wote nimwambie faraghani, ndiyo, nitamwambia kesho, au nilete betri nyingine kila siku kwa siri, nitakuwa napanda ngazi hii mpaka uzee, fundi gani mimi, msukule wa betri... na pale mlangoni ameingizwa msichana mjamzito, anatetemeka, ameshikilia shuka lake kwa mikono miwili, hataki kuguswa, dada anamwinamia kwa ile sauti yake ya kazini, "Legeza mikono, mwanangu, mficha uchi hazai, mimi nimeona wengi," na msichana analia lakini analegeza kidole kimoja, kingine, mbele yetu sote, na ana miaka mingapi huyu, kumi na tisa, mimi nina arobaini na mbili nimeficha betri, nilidhani naona aibu kwa sababu kitaa changu ni kidogo, kumbe kile kidogo hakikuwahi kuniaibisha, ni hii inayong'aa, hii wanayoipigia makofi, jenereta imefika kizingitini, mmoja anasema shika upande wako, dada amenipa mgongo, anamfunika msichana miguu, na najua akigeuka hataniita tena Profesa, pengine hataniita chochote, "Dada," nasema, "wasimamishe, nimekudanganya," mvua inaimeza sauti yote, hajasikia, hakuna aliyesikia, ningeweza kukomea hapa... nasema tena, kwa nguvu zaidi.