Namba ya Mlangoni

Mwaka ule Mzee Mdoe wa Sindeni alikuwa anapokea simu thelathini, arobaini kwa siku, na hata moja haikuwa yake. Aliyemletea balaa hilo ni binti yake wa kumzaa, Loyce. Binti alilijua hilo peke yake, na kulijua peke yake kulikuwa kunamtafuna.

Watu wanapenda kusema mambo kama haya huja tu. Hayaji tu. Loyce alikuwa amepanga chumba Korogwe mjini, nyuma ya karakana ya maseremala, na humo ndimo alimorekodi video zake za kufundisha watu kutengeneza programu za simu. Alifundisha kwa Kiswahili na kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mdogo wake kusonga ugali: bonyeza hapa, andika hivi, haya, sasa tuone. Wanafunzi walikuwa wamefika elfu arobaini, hajawahi kumwona hata mmoja sura. Wengine walikuwa Kahama, wengine Makambako, na dada mmoja aliandika kwamba yuko Muscat kwenye kazi za ndani, anajifunza akishamaliza kupiga pasi. Shida ilikuwa hao maseremala. Msumeno wa umeme haujui kuna mtu anafundisha. Nafasi pekee ya kurekodi ilikuwa kati ya saa saba na saa nane mchana, mafundi wakienda kula, kwa hiyo Loyce alikuwa anafundisha huku roho iko mbio.

Somo la saba lilihusu kitufe cha kupiga simu. Ukikigusa kwenye programu, simu inapiga yenyewe, na ili kipige lazima ukiandikie namba. Ya kwake Loyce hakuitaka, kwa sababu aliwahi kuionyesha kwenye somo la pili, na wanaume wasio na kazi za kufanya wakampigia mwezi mzima wanaomba wafahamiane. Akaandika namba ya kwanza iliyomjia vidoleni, akajiambia ataificha kabla ya kuipandisha video mtandaoni. Saa nane kasoro dakika tano msumeno ukanguruma. Akaharakisha, akakata mwanzo, akakata mwisho, akaipandisha. Namba akaisahau palepale ilipo.

Vidole vyenyewe tusivilaumu sana. Namba ile Loyce alikuwa anaiona kila anapokwenda nyumbani Sindeni, imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye mlango wa baba yake, tarakimu kubwa za kusomeka toka barabarani. Miaka minane nyuma kaka yake, Nicolaus, alikatwa kidole na mashine kwenye kiwanda cha mkonge. Akarudi nyumbani mkono umefungwa, na baba badala ya kumpa pole akamwambia, si nilikuambia ulime? Wakarushiana maneno siku mbili. Siku ya tatu kijana akabeba begi lake aende machimboni, na mzee akamwambia palepale mlangoni, ukitoka hapa usinipigie simu. Nicolaus naye ni mtoto wa baba yake, kichwa kigumu hichohicho. Hakupiga.

Mwezi haujaisha, Mzee Mdoe akanunua kopo la rangi. Aliandika namba yake kwenye mlango uleule, kwamba kijana akipita wakati yeye yuko shamba, aisome, ajue bado ni ileile. Miaka yote minane hakubadilisha laini. Vitochi vitatu, simu ndogo za vitufe, vilimfia mkononi, laini akawa anaihamisha tu. Alikwenda nayo shamba, alikwenda nayo kisimani, na kanisani aliishika kiganjani mahubiri mwanzo hadi mwisho. Nicolaus akipiga atapiga namba hiyo, kwani nyingine hakuwahi kuishika kichwani.

Hiyo ndiyo namba Loyce aliyowagawia watu elfu arobaini.

Mwanafunzi wa video ananakili kila anachokiona. Akishamaliza anagusa kitufe, aone kama kinafanya kazi. Kinafanya kazi sana. Sindeni kitochi kinalia, mzee anaangusha jembe na kupokea kwa mikono miwili: "Nicolaus?" Upande wa pili mtu anashtuka, anakata. Baada ya wiki mbili hivi, mwanafunzi mmoja wa Kahama akatoa programu yake ya ratiba za mpira, nzuri tu, ila namba ya somo la saba akaiacha ilivyo, chini ya neno Msaada. Toka hapo wakaanza kupiga wapenda mpira. Walimuuliza mzee kwa nini mechi imeahirishwa, na mmoja alimtukana kwa sababu ya kadi nyekundu.

Loyce alikwenda kusalimia mwisho wa mwezi huo, hana habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, wewe ndiye mtaalamu wa vitu hivi. Kuna mtu ameitangaza namba yangu."

Hajamaliza kusema, Loyce akawa ameshaelewa. Alikichukua kitochi, akakigeuzageuza kama anakikagua, na jibu alilolitoa ni hili: "Labda ni mtandao, baba."

Mtandao. Mtu mzima na diploma yake.

"Si ubadilishe tu laini?" akaongeza, kwa sauti ndogo.

Mzee akakichukua kitochi chake. "Nikibadilisha, Nicolaus atapiga wapi?"

Korogwe aliporudi, aliifunika namba kwenye video usiku uleule. Ilikuwa kazi bure, waliokwisha kunakili walikwisha kunakili. Njia ilikuwa moja, kuwatangazia wanafunzi wote waifute, na ndiyo hiyo iliyomshinda. Vijana wa Sindeni wanamtazama kila wiki, na angetamka tu, habari ingemfikia mzee kabla Loyce hajashuka kwenye gari. Mzee aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ni mwalimu wa nchi nzima. Akasema atamwambia mwenyewe, uso kwa uso, Jumamosi ijayo. Jumamosi ikapita. Akasema ijayo. Zikapita saba, na kila mara alirudi Korogwe na jambo hilo kifuani, akaketi mbele ya kompyuta, akawafundisha watu namna ya kurekebisha makosa yao.

Kilichomzubaisha zaidi ni kwamba baba alianza kuzoea. Akaacha kuwakatia. Akipiga mtu anamuuliza, uko wapi wewe, huko kuna machimbo, hujamwona kijana mmoja, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hana? Wengine walikata. Wengine, kwa heshima ya mtu mzima, walijibu, na mazungumzo yakanoga. Kufika vuli, mzee alikuwa na marafiki mikoa mitano asiowajua kwa sura. Alikuwa anacheka. Loyce akajidanganya kwamba mambo yamejipanga yenyewe.

Ijumaa moja yuko nyumbani, wanapukuchua mahindi barazani, simu ikalia. Ilikuwa mwanafunzi wa Makambako, anajaribu kitufe chake. Katika kuulizwa akasema aliwahi kuchimba Chunya miaka miwili. Mzee akasogeza kigoda, akakaa vizuri. Dakika ishirini aliongea, akamuuliza mashimo, akamuuliza majina, akamuuliza kama huko wanakula vizuri. Kitochi chake hakijui kumpanga mtu nyuma ya mwingine; ukiongea, mlango umefungwa.

Alipokata tu, kikalia tena. Masikio yake yalikuwa mazito kidogo, kwa hiyo sauti alikuwa ameipandisha, na Loyce alisikia kila neno.

"Shikamoo. Naitwa Munira, nina duka la vocha huku Tunduru. Kuna kaka ameazima simu yangu apige namba hii. Amepiga mara tatu, kila mara inatumika. Nimeona nijaribu mwenyewe."

Mzee alisimama. Mahindi yalimwagika toka mapajani. "Mkono wa kushoto ana vidole vingapi?"

"Cha shahada hana."

"Mpe simu. Mpe simu, mama."

"Ameondoka, mzee. Alikuwa na lori, dereva anampigia honi. Nilimwambia asubiri kidogo."

"Akasemaje?"

"Alicheka tu. Akasema, kumbe mzee siku hizi ana watu wengi wa kuongea nao. Basi yuko salama. Akanirudishia simu, akashukuru, akapanda."

Lori la nani, hakujua. Linakwenda wapi, alidhani mpakani. Kijana hakuwa na simu ya mkononi. Munira aliahidi akimwona tena atampa simu bure, ataongea hadi achoke.

Mzee akaketi. Akakiweka kitochi juu ya magunzi, taratibu.

"Nilikuwa naongea na mtu wa Makambako," alisema, kama anayejieleza mbele ya baraza. "Ni huu mdomo wangu. Mtoto anapiga mara tatu, mimi nauliza watu wa Chunya wanakula nini."

Loyce angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, na mzee alikuwa ameshaibeba hatia yote mwenyewe. Hapo ndipo aliposhindwa kunyamaza.

"Baba, ni mimi," alisema. "Namba niliitoa mimi. Kwenye masomo yangu."

Akaeleza yote, kitufe, msumeno, kijana wa Kahama. Mzee alisikiliza bila kumtazama.

"Toka lini?"

"Mwezi wa sita."

"Siku ile nakuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

Mzee aliokota gunzi lililobakiwa na punje chache, akalipukuchua hadi likaisha. Kisha akasema, "Waambie waache," akaingia ndani.

Kesho yake Loyce alirekodi bila kungoja saa saba. Msumeno unasikika kwenye video nzima, na mpaka leo hajauondoa. Alisema jina lake kamili, akasema namba ya somo la saba ni ya baba yake, na kwa nini mzee hawezi kuibadilisha, na kwamba kaka yake alipiga akakuta inatumika. Akaomba kila aliyenayo aifute. Waliifuta. Kijana wa Kahama aliandika anaomba radhi akiwa amepiga magoti, na baada ya siku mbili programu yake ilikuwa safi. Simu zikashuka zikawa kumi kwa siku, zikawa tatu. Kisha kitochi kikanyamaza kabisa.

Jumamosi iliyofuata Loyce alimkuta baba amekaa karibu na mlango wenye namba ya bluu, kitochi kiko gotini. Alipokea shikamoo yake, akamwonyesha kigoda.

"Hebu nipigie," akasema. "Nione kama inalia."

Loyce akapiga. Ikalia. Mzee akaitazama mpaka ikaacha.

"Inalia," akasema. Baada ya chakula akamwomba tena, na jioni tena, kwamba labda asubuhi mtandao ulikuwepo na sasa umeondoka.

Hivyo siku hizi Loyce anampigia kila siku kutoka Korogwe, saa saba kamili, mafundi wakitua vifaa vyao. Mzee aliomba mwenyewe, ili awe na hakika. Saa ileile ya kurekodi, na wanafunzi wanangoja, lakini hajawahi kukosa hata siku moja. Simu haimalizi mlio wa kwanza.

"Nicolaus?"

"Ni mimi, baba. Inalia."

Hapo Loyce humsikia mzee akivuta pumzi. Siku zote anataka kumwambia kitu, amuulize amekula nini, amwombe msamaha upya, na siku zote baba anamuwahi.

"Haya, kata, mwanangu. Kata upesi. Asije akakuta inatumika."