Pete za Rangi Kwenye Taa

Kwa miaka tisa nilimjua baba mkwe wangu kwa miguu yake. Kisigino cha kulia kina ufa, kidole gumba kimejikunja. Uso wake niliuona kwa mbali, na wangu yeye hakuwahi kuuona kabisa, maana kwetu Nagaur mke wa mtoto hushusha mtandio mpaka kifuani mbele ya mkwewe, wala hasemi naye moja kwa moja. Chai ikiiva namwambia mama mkwe, naye anamwambia mumewe, aliyekaa palepale na masikio yake mazima. Mimi huuita ujinga, ila kimoyomoyo.

Baba, Bhanwarlal, ni muuza jilebi, vile vitamu vya kukaanga vinavyochovywa kwenye shira. Shira haipimi kwa saa. Anaichota kwa kidole, anaivuta, anautazama uzi wake, anajua. Macho hayo ndiyo duka letu, na duka ndilo linalotulisha.

Jioni moja ya baridi, mume wangu akiwa mbali anapika kwenye harusi ya watu, Baba alirudi mapema huku ameshika kipaji cha uso. Akatapika uani kabla hajavua viatu.

"Bamia!" Mama mkwe wangu, Dhapu, hakungoja hata mumewe asukutue mdomo. "Nilisema mimi. Bamia za huyu Sugna zina utelezi wa kuua mtu."

"Tumekula sote, mama."

"Wewe tumbo lako la ngamia, litadhurika na nini?"

Akakamua ndimu, akamsugua tumbo, akamfunga kitambaa kichwani. Baba alizidi kuguna. Mimi nikawa nasugua sufuria kwa hasira, nikifikiria jinsi mtaa mzima utakavyoamka na habari ya bamia zangu. Ndipo nikamsikia.

"Dhapu, hiyo balbu mbona imezungukwa na pete? Nyekundu, kijani, buluu."

"Balbu ni ileile. Lala."

Mkono wangu ukasimama. Pete hizo nazijua. Ukiitazama taa kupitia mtandio mwembamba, huvaa rangi hizohizo, na mimi tangu siku ya harusi yangu ndizo taa ninazoziona. Lakini Baba hana mtandio. Nguo gani basi imelifunika jicho lake?

"Mama, muulize Baba ni jicho gani linauma."

"Nani kakwambia jicho? Ni tumbo!"

"La kulia," Baba alijibu mwenyewe. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeishiwa nguvu, na hapo niliogopa kweli.

Nikautupa mtandio nyuma, nikachukua tochi, nikapiga magoti mbele yake. Jicho la kushoto alilifumba, kwa maumivu au kwa adabu, sijui. La kulia lilikuwa jekundu kama pilipili, kioo chake kimeingia ukungu, mboni imetanuka. Nikaimulika. Haikusinyaa hata kidogo.

"Huna haya!" Mama mkwe alipiga kelele. "Uso wazi mbele ya mkweo!"

"Haya nitaona kesho, mama. Sasa hivi naita bajaji."

Hospitalini, daktari wa macho, mwanamke mfupi anayeitwa Rathi, aligusisha kifaa chake kwenye lile jicho mara moja tu, akaanza kuamrisha manesi.

"Hili si tumbo. Presha ya jicho imepanda mara tatu ya kawaida, ndiyo inayomtapisha. Maji ya jicho yamekosa pa kutokea, yanaukandamiza mshipa wa kuonea. Tusipoishusha upesi, jicho hili ndiyo basi tena. Nani aligundua?"

"Aliona pete kwenye taa," nikasema, "kama ninazoziona mimi ndani ya mtandio. Nikajua kuna nguo jichoni mwake."

Mama mkwe alikaa sakafuni, ameshika kichwa. Sijawahi kumwona vile, na nilimhurumia.

Wakamtia matone, wakampiga sindano ya kuzuia kutapika, wakampa vidonge.

"Ana kisukari? Figo? Moyo?" daktari akauliza.

"Sukari anaiuza tu," alijibu mama mkwe. "Mengine mazima."

Nesi akaleta bilauri ya dawa nzito, tamu, iliyotiwa ndimu na barafu. Baba akaionja, akakunja uso.

"Nani kapika shira hii? Haina hata uzi mmoja."

"Mzee," daktari akamwuliza, "ukinyunyizia boga sukari, linakuwaje?"

"Linatoa maji."

"Basi na jicho lako ni hivyohivyo. Dawa inaingia kwenye damu, inavuta maji. Kunywa polepole."

"Kumbe nimekuwa boga."

"Tangu uliponioa," alisema mama mkwe, huku machozi yanamtiririka.

Kisha tukangoja. Baba aliomba maji, akanyimwa, akatukana kidogo. Mimi nilishika beseni kwa mikono miwili, mtandio umeangukia mabegani, sina mkono wa kuurudisha. Taratibu kuguna kukapungua, mpaka nikasikia anapumua kama mtu anayepumzika. Daktari akapima, akangoja, akapima tena.

"Imeshuka," alisema. "Kesho tutatoboa kitundu kidogo kwa leza, macho yote mawili, isirudie."

Nililia waziwazi. Ilikuwa furaha tupu.

Daktari akalifunika jicho la kushoto la Baba kwa kiganja. "Haya, mzee. Kwa hili la kulia unaona nini?"

Baba alikodoa, akapepesa, akakodoa tena, mpaka nikaanza kuogopa upya.

"Naona mwanamke. Ukungu upo, lakini namwona. Ana kidoti kidevuni. Analia."

"Ni nani?"

"Simjui."

"Mkweo huyo, we mzee!" Mama mkwe akadakia. "Sugna!"

Nikaliweka beseni chini haraka, mkono ukakimbilia mtandio. Baba akainua mkono wake kunizuia. Akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasema na mimi:

"Acha, mwanangu. Nimetoka kuondolewa nguo moja machoni. Usiniwekee nyingine."

Nikauacha mabegani. Mama mkwe akamtazama mumewe, akanitazama na mimi. Kisha akaniuliza kama nyumbani zile bamia zimebaki, tukale.