Kishikwambi Kilipowaka Nyekundu

Siku ya pili ya mafunzo, Mama Mizani alikuwa ameshakata shauri: wakitoka kula, atamfuata mkufunzi pembeni na kumwomba amfute kwenye orodha.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya mizani ya kupimia watoto aliyoitundika begani kila asubuhi, akipita nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya wa mtaa. Akina mama walimwita toka jikoni, "Pita tu ndani, tumekusubiri!" Sasa kituo cha afya kilitaka wahudumu wote waachane na makaratasi na watumie vishikwambi, na yeye alikuwa hoi. Kila akikitazama kile kioo, herufi zilimchezea. Akigusa hapa, panafunguka pale. Wenzake walishafika kwenye ukurasa wa chanjo, yeye bado anahangaika na neno la siri.

"Uzee umenibishia hodi, wifi," alimnong'oneza mwanamke aliyeketi kando yake. Wifi huyo, mke wa kaka yake, alikuwa mhudumu wa mtaa wa jirani, na mdomo wake haukujua likizo.

"Uzee gani? Wewe unatoroka somo. Mkufunzi akifungua mdomo tu, huyo chooni! Na maji unavyoyafakamia, mwisho bomba litakauka."

Waliosikia wakaangua kicheko. Mama Mizani naye akacheka, ila moyoni aliumia. Ni kweli alitoka mara kwa mara, na chupa yake ya maji haikukaa na kitu. Joto hili, alijiambia, na ukumbi wenyewe umeezekwa bati. Kulala fofofo kila jioni? Kazi ya kutembea. Sketi kulegea kiunoni? Hilo hata lilimfurahisha. Kila jambo alilitafutia sababu, na wala hakuwahi kuyaweka yote pamoja.

Kabla ya chakula, mkufunzi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, akawapanga wawili wawili. "Mmoja awe mgonjwa, mwingine mhudumu. Mgonjwa ajitungie ugonjwa wowote. Fuateni maswali yanayotokea kwenye kioo."

Wifi akanyakua kishikwambi. "Haya mama, karibu. Unasumbuliwa na nini?"

"Uchovu tu."

"Kuigiza hujui! Haya, tuendelee. Una kiu isiyo ya kawaida?"

Mama Mizani akataka kutunga kitu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika chupa. "Ndiyo," akasema.

"Unakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko zamani? Hilo nalijaza mwenyewe." Wifi alikuwa akicheka. "Umepungua mwili bila kukusudia?"

"Sketi hii naishikiza kwa pini."

"Na macho? Unaona ukungu?"

Mama Mizani akakaza macho kumtazama. "Hata hapo ulipo, wifi, sura yako siioni vizuri."

Kicheko kikamkauka mwenzake. Kioo kiliwaka nyekundu, na chini yake maandishi makubwa: *Mpime sukari sasa.*

"Si unatunga lakini?"

"Sijatunga hata moja."

Mkufunzi aliitwa, akawapeleka mwenyewe chumba cha vipimo. Muuguzi akamtoboa Mama Mizani kidole, akasoma, akatoboa kidole kingine, akasoma tena. Kisha akaenda kumwita daktari. Mama Mizani akamkumbuka shangazi yake, aliyechelewa kupima sukari mpaka akakatwa mguu.

Daktari alimpima mkojo na presha, akamkagua nyayo kidole kwa kidole. Mwishowe akavuta kiti.

"Sukari iko juu sana, sikufichi. Lakini miguu ni mizima, na figo hazionyeshi tatizo. Tumeiwahi. Utaanza vidonge leo, na kesho uje nikuone."

"Na macho?"

"Tutayachunguza. Ila ukungu wa namna hii mara nyingi huondoka sukari ikitulia. Vumilia wiki kadhaa."

"Kwa hiyo si akili yangu?"

"Akili imefanya nini tena?"

"Nilidhani nimekuwa mzito, sifundishiki."

Daktari akacheka, na Mama Mizani akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Nje kwenye benchi, wifi alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nisamehe. Nimekucheka mbele za watu."

"Usingenichungulia safari zangu za chooni, lile swali ungelijazaje?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka mlinzi akageuka. Kisha Mama Mizani akampigia simu mumewe, akamweleza yote. Mzee akasema, "Kumbe! Mimi nikadhani umenichoka. Kila nikianza kukuhadithia ya kazini, unakoroma."

"Hayo ya kazini kwako yanalaza hata mtu mzima wa afya," alimjibu.

Awamu nyingine ya mafunzo ilipoitishwa, alikaa mstari wa mbele. Macho yalikuwa yametulia. Alikosea, akarudia, akauliza, akaulizwa, na akamaliza na wenzake.

Nyumba ya kwanza aliyoingia na kishikwambi ilikuwa ya fundi seremala, mtu ambaye siku zote humjibu "mimi mzima" kabla hajaulizwa.

"Mimi mzima," fundi akasema.

"Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo," alimjibu, akakaa.

Fundi akaweka randa chini, akavuta stuli. "Haya, uliza."