Mistari Mia Tatu ya Bingwa

Ofisi nzima ilimwita Bingwa, na jina lilimkaa. Faili la kujengea kontena, yaani vifurushi vya programu, za mfumo wao wa kompyuta lilikuwa na mistari mia tatu, yote aliiandika yeye, na hakuna mwingine aliyeielewa. Mfumo nao kila ulipowashwa uligoma: uliamka kabla ya hifadhidata, ghala la taarifa zake, ukaiita, usijibiwe, ukazima. Hapo meneja alimpigia Bingwa simu, hata akiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Alikuja akinung'unika, moyoni raha tupu.

Kisha mdogo wake wa kike, aliyeajiriwa juzi tu na kufundishwa kazi na yeye mwenyewe, akashinda siku tatu na lile faili. Mistari mia tatu ikabaki ishirini, mmojawapo wa kuuambia mfumo usubiri mpaka hifadhidata iwe tayari. Mfumo ukawaka wenyewe.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi!" meneja akacheka.

Neno hilo lilimchoma Bingwa kuliko tusi. Wiki mbili simu haikulia. Kila mdogo wake aliposifiwa, yeye alichekea mdomoni tu. Wivu ulikuwa unamla. Ijumaa, wenzake walipotoka kwenda kula, akaufuta ule mstari wa kusubiri.

Jumatatu mfumo ulipowashwa ukagoma, simu ikalia. Bingwa akafika shati amechomekea, tayari kushangiliwa. Akamkuta mdogo mtu kwenye kompyuta, anafungua kumbukumbu za mabadiliko. Somo la kwanza alilomfundisha lilikuwa hilo hilo: kitu kikiharibika, tazama kwanza nani kakigusa mwisho, maana kila badiliko huandikwa na jina la aliyelifanya. Wivu ulikuwa umemsahaulisha somo lake mwenyewe.

Jina lake likatokea kwenye kioo. Mdogo mtu akalisoma, akafunga ukurasa upesi, akaurudisha mstari.

"Haya, nani kaharibu?" meneja akauliza, akiingia.

"Ni mimi, bosi. Niliufuta mstari kwa bahati mbaya. Kaka ndiye kanionyesha sasa hivi."

"Wewe binti, uwe makini! Ona sasa, ndiyo maana huyu tunamwita Bingwa."

Bingwa akataka kusema kweli, akaishia kuitikia kwa kichwa. Alimtazama mdogo wake akimeza karipio lisilo lake, na badala ya shukrani akausikia wivu ule ule ukipanda: hata kwa utu, kamzidi.